Mtoto anakula, mbona hanenepi?

"Juu ya nini anabakia hivi tu, docta?"

Mama huyu ameshuka kwa mguu kutoka mtaa wa Cimpunda, mtoto mgongoni. Mimi si docta, ni muuguzi, lakini hapa Bukavu kila aliyevaa koti jeupe huitwa docta, na nimeacha kusahihisha. Mtoto ana miezi 17. Haharishi, hana homa. Anakula bugali na sombe, yaani majani ya muhogo, jioni maharagi, na siku pesa ikipatikana hupata sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Mizani inaonyesha uzito uleule wa mwezi uliopita, na wa mwezi ulioutangulia. Bibi yake ameshalitamka lile neno ambalo kila familia ya Kivu inaliogopa: bwaki, utapiamlo mkali.

Kwa miaka mingi nimewajibu akina mama kama huyu kwa maneno mawili: ongeza chakula. Si uongo. Katika nyumba nyingi za Kadutu na Bagira njaa ndiyo ugonjwa wa kwanza. Lakini mama huyu alikuwa anauliza kitu kingine, na swali lake lilistahili jibu zuri zaidi. Chakula kikishuka kooni bado hakijawa mali ya mwili. Kuna utumbo katikati, na utumbo huo unaweza kuwa unawaka kimyakimya, bila kuharisha na bila kumliza mtoto. Leo nataka kueleza moto huo ni nini, unawashwaje, na kwa nini mwili wakati mwingine hushindwa kuuzima.

Tuanze na kazi ya utumbo wenyewe. Mtu wa Bukavu anajua mpaka ni nini. Kila asubuhi watu hupita kwenye daraja la Ruzizi kwa mamia, huyu na maziwa, yule na nyanya, mwingine anakwenda tu kumsalimia shemeji Kamembe, upande wa Rwanda. Mlinzi akizuia kila anayepita, soko litakosa vitu na nyumba zitalala njaa. Akisinzia, chochote kitaingia. Utumbo unafanya kazi hiyo hiyo, tena usiku na mchana. Ukuta wake wa ndani, ukiukunjua mikunjo yote, unafikia mita za mraba kama 30, na unene wake ni safu moja tu ya seli. Huku kuna bugali, maji ya bidoni, vumbi lililokuwa kwenye vidole vya mtoto, na bakteria wasiohesabika. Kule kuna damu. Ngozi ya nje inajikinga kwa matabaka mengi ambayo la juu limekwisha kufa. Utumbo hauwezi kujifunga hivyo, kwa sababu uliumbwa upitishe.

Hao bakteria nao si adui wote. Mtu mzima anabeba kama trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wake mwenyewe, na karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana. Wanavunja makapi ya mboga ambayo sisi hatuwezi kuyavunja, wanatengeneza vitamini K, na wanakalia nafasi ambayo wabaya wangeikalia. Kwa hiyo mlinzi wa mpaka huu hapewi amri rahisi ya kuua kila mgeni. Anatakiwa amjue jirani, amjue mpita njia, amjue mvamizi, na kila mmoja amtendee tofauti.

Ulinzi wa kwanza ni ute. Kwenye utumbo mpana ute una tabaka mbili: la nje ambamo bakteria wanaishi, na la ndani lililoshikamana na ukuta, ambalo karibu halina bakteria hata mmoja. Ndani ya vishimo vidogo vya utumbo mwembamba kuna seli za Paneth, zinazotoa protini ndogo za kumuua bakteria anayesogea mno. Halafu inakuja kingamwili iitwayo IgA, na hapa nataka tukae kidogo. Mwili wa mtu mzima hutoa gramu 3 hadi 5 za IgA ndani ya utumbo kila siku. IgA haiui. Inamkamata bakteria, inamfunga pamoja na wenzake, na wote wanatoka na choo bila kuugusa ukuta. Shauri limekwisha na hakuna aliyejeruhiwa. Maziwa ya mama yamejaa IgA, hasa yale mazito ya njano ya siku za kwanza, ambayo bado nakuta bibi wengine wanayakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Huwa inaniuma. Mtoto mchanga hana IgA yake ya kutosha. Hiyo anayomwagiwa chini ndiyo ulinzi wa utumbo wake.

Mwaka 1677 Johann Conrad Peyer, daktari wa Uswisi, alieleza mabaka fulani aliyoyaona kwenye utumbo mwembamba. Leo tunajua kwamba mabaka yale ni vituo vya upelelezi. Juu yake kuna seli zinazoitwa M, ambazo zinachukua vipande vya vilivyomo utumboni na kuvipitisha chini kwa seli za kinga, zivichunguze na kuamua la kufanya. Seli nyingi sana za kinga zinakaa hapa utumboni. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo, kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba kinga iko kwenye damu.

Sasa moto. Vitabu vya afya vinauita inflamesheni, na tangu enzi za Warumi wa kale alama zake zinatajwa kuwa nne: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Ukichomwa na mwiba unaziona zote kwenye kidole. Utumboni zinatokea zile zile, ila macho hayafiki. Seli za ukuta na za kinga zina vipokezi vinavyovitambua vipande vya bakteria vikikutwa mahali pasipo pake. Kipokezi kikiguswa, seli inatuma ujumbe wa kemikali uitwao sitokini. Mishipa ya damu inatanuka na kuanza kuvuja, na askari weupe waitwao nyutrofili wanatoka kwenye damu kwa mamilioni. Wanamwaga sumu na vimeng'enya ambavyo havichagui sana kati ya bakteria na seli ya jirani. Kisha wanakufa pale pale. Usaha unaouona kwenye jipu, kwa sehemu kubwa, ni maiti zao. Kwa hiyo katika magonjwa mengi ya tumbo, sehemu ya uharibifu haikufanywa na mdudu. Imefanywa na kinga yetu wenyewe ikipigana ndani ya nyumba yake.

Sisi watu wa Kivu tulionyeshwa jambo hili kwa msiba. Julai 1994, wakimbizi kati ya laki 5 na laki 8 kutoka Rwanda waliingia Goma na maeneo ya karibu katika siku chache. Mwezi wa kwanza peke yake walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa magonjwa ya kuharisha. Kwanza ilipita kolera. Nyuma yake ikaja kuhara damu, iliyoletwa na bakteria Shigella dysenteriae aina ya 1. Kwa jirani anayetazama, yote mawili ni kuharisha. Ndani ya utumbo hayafanani hata kidogo.

Mdudu wa kolera haingii ukutani. Anajishikiza juu yake na kutoa sumu inayofungulia milango ya chumvi ya seli. Chumvi inatoka, maji yanaifuata. Mtu anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja, choo kikawa kama maji ya mchele. Lakini ukuta unabaki karibu mzima, na moto ni mdogo sana. Ndiyo maana SRO, ile pakiti ya sukari na chumvi ya kuchanganya na maji, inaokoa maisha. Kuna mlango mwingine kwenye seli hizo hizo, unaopokea sukari na sodiamu kwa pamoja, na sumu ya kolera haiufungi. Ukimnywesha mgonjwa maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo sahihi, mlango huo unaviingiza, na maji yanafuata kurudi mwilini. Nyumbani, kama pakiti ya SRO haipo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa bila kichuguu. Chumvi isizidi hapo. Anza mara moja, na mpeleke mgonjwa kituoni ukiendelea kumnywesha njiani.

Shigella ni hadithi nyingine. Bakteria 10 hadi 100 tu wanatosha kumfanya mtu augue. Wanaingia kwa kupitia zile zile seli M, mlango wa wapelelezi wenyewe. Huko chini wanamezwa na seli ya kinga, wanaiua kutoka ndani, na kifo chake kinapiga kengele ya hatari. Nyutrofili wanakimbilia. Ili wafike wanapenya katikati ya seli za ukuta na kuzisukuma, na nyufa wanazoziacha zinakuwa njia mpya za Shigella wengine. Hapo ndipo panapotoka damu, kamasi, homa, na yale maumivu ya kukaa chooni kwa muda mrefu ukitoa kidogo tu. Mtoto anayetoa damu chooni anahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo, maana hapa maji ya sukari na chumvi peke yake hayatoshi. Mara nyingi inahitajika antibiotiki, tena ile sahihi.

Nalisema kwa sababu ya kitu ninachokiona kila wiki. Katika mji huu kila tumbo ni amibe. Mtu akiumwa na tumbo anapita farmasi ya kona, ananunua Flagyl, anakunywa siku tatu, anaacha akijisikia nafuu. Wengine wana cheti cha maabara kilichoandikwa amibe. Lakini amiba anayekula utumbo, Entamoeba histolytica, ana pacha asiye na madhara aitwaye Entamoeba dispar, na kwa darubini ya kawaida wanafanana kabisa. Asipoonekana akiwa amemeza seli nyekundu za damu, fundi wa maabara hana njia ya kuwatenganisha kwa macho. Wengi waliotibiwa amibe walikuwa wamembeba yule mpole, na maumivu yao yalikuwa na sababu nyingine. Dawa ile nayo haimuui amiba peke yake. Inafagia pia bakteria wengi wasiopenda hewa, ambao ndio raia wema wa utumbo mpana. Ukiimeza kila mwezi, unawafukuza majirani waliokuwa wanakulindia mlango.

Nilisema moto unawashwa. Unazimwaje? Swali hili ndilo ninaloliona zuri kuliko yote katika elimu ya kinga. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kazi iliyoonyesha jinsi mwili unavyozuia kinga yake isijishambulie. Kuna seli za kinga ambazo kazi yao ni kutuliza: zinawaambia wenzao basi, inatosha. Zinategemea jeni iitwayo FOXP3. Mara chache sana huzaliwa mtoto wa kiume mwenye hitilafu kwenye jeni hiyo, na moja ya alama zake za kwanza ni kuharisha vikali tangu siku za mwanzo za maisha. Fikiria: hakuna mdudu wa kulaumiwa. Hakuna tu wa kusema basi, na utumbo unaungua.

Hao watulizaji wanasaidiwa na bakteria wetu. Makapi ya maharagi, ya sombe na ya lengalenga yakifika utumbo mpana, bakteria wanayachachusha na kutoa kitu kinachoitwa butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana zinakila kama chakula chao kikuu, na kinasaidia kuzaliwa kwa seli za kutuliza. Mboga zetu, kwa hiyo, ni dawa kwa namna ambayo babu zetu hawakuieleza lakini waliila. Tahadhari yangu ni moja: tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukilijaza mboga na bugali tupu, anashiba kabla hajapata nguvu. Sombe yake itiwe mafuta ya mawese, na sambaza zilizosagwa, hata kama ni kijiko kimoja.

Katika nchi tajiri moto huu una sura nyingine. Kuna ugonjwa uliopewa jina la Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza na wenzake mwaka 1932, ambao kinga hushambulia utumbo kwa miaka. Huku kwetu unaonekana kwa nadra, na ukionekana unachanganywa na kifua kikuu cha tumbo. Ni kosa la hatari, kwa kuwa dawa za kuishusha kinga katika ugonjwa huo zinakifungulia kifua kikuu mlango.

Turudi kwa mtoto wa Cimpunda, asiyeharisha, asiye na homa.

Katika miaka ya 1960 madaktari waliwachunguza vijana wa Marekani wa kujitolea wa Peace Corps waliokuwa wakiishi Pakistani Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Walikuwa vijana wenye afya, walioshiba. Utumbo wao mwembamba ulikutwa umebadilika. Utumbo mwembamba wenye afya una vidole vidogo mno vilivyosimama kama nyuzi za zulia, viitwavyo vili, na ndivyo vinavyonyonya chakula. Kwa vijana wale vilikuwa vimefupika na kunenepa, na seli za kinga zimejazana chini yake. Waliporudi kwao, utumbo ulijitengeneza polepole. Hali hiyo hiyo imeonekana baadaye kwa watu wazima na watoto wa mitaa maskini ya Afrika na Asia. Si ugonjwa wa mdudu mmoja. Ni jibu la utumbo unaopokea kinyesi kidogo kidogo kila siku: kwenye maji, kwenye kijiko, kwenye udongo ambao mtoto anatambaa juu yake. Hakuna kinachotosha kumwangusha kitandani. Vyote pamoja vinatosha kuwaweka walinzi macho bila kupumzika.

Na mwili unalipa. Vili vikifupika, eneo la kunyonya linapungua, na sehemu ya sambaza ile iliyonunuliwa kwa shida inapita tu. Viungio kati ya seli vinalegea, vipande vya bakteria vinavuja kuingia kwenye damu, na sasa kinga ya mwili mzima inaamka. Sitokini zinamwondolea mtoto hamu ya kula. Zinafika pia kwenye ini na kupunguza homoni inayoiambia mifupa irefuke. Chakula ambacho kingejenga mwili kinatumika kulisha askari. Hata chanjo za matone zinakuta mlango wenye fujo: katika majaribio ya chanjo ya rotavirusi yaliyochapishwa mwaka 2010, kinga dhidi ya kuharisha vikali ilikuwa asilimia 77 Afrika Kusini na 49 Malawi. Watafiti wengi wanaamini utumbo unaowaka ni moja ya sababu. Asilimia 49 bado ni watoto wengi waliookolewa, kwa hiyo asikudanganye mtu kuacha chanjo.

Vipi kuhusu bwaki yenyewe, ile ya miguu kuvimba, nywele kugeuka rangi, ngozi kubanduka? Kwa muda mrefu tulifundishwa kuwa ni upungufu wa protini basi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha habari za jozi 317 za mapacha wa Malawi, waliofuatiliwa tangu utotoni. Katika baadhi ya jozi mmoja alipata kwashiorkor, jina la kitaalamu la bwaki, na mwenzake hakupata, ingawa walikula chungu kimoja. Bakteria wa mapacha hao walipopandikizwa kwa panya wasio na bakteria, wakalishwa chakula cha Kimalawi, panya waliopewa bakteria wa pacha mgonjwa walikonda sana. Kwa hiyo mama asimlaumu tena mke mwenzake, wala asijilaumu kwamba alimpendelea mmoja. Kuna kitu ndani ya utumbo ambacho sahani peke yake haikielezi. Huku kwetu, kwenye hospitali ya watoto ya Lwiro, barabara ya Kavumu, bwaki imetibiwa kwa miongo mingi. Watafiti waliwatafuta watu waliolazwa pale utotoni kati ya 1988 na 2007, na kuwakuta, wakiwa watu wazima, wafupi kuliko wenzao wa vijiji vile vile. Walipona, lakini kimo hakikurudi chote.

Nimwambie nini mama huyu basi? Ningependa kumwambia sabuni na choo vitatosha. Majaribio makubwa yaliyofanyika Zimbabwe, Kenya na Bangladesh, yakatangazwa mwaka 2018 na 2019, yalizipa familia vyoo bora, mahali pa kunawia na dawa ya kutia kwenye maji. Urefu wa watoto haukuongezeka kwa ajili ya hayo. Walioongezewa lishe walirefuka kidogo. Sisemi sabuni haina maana. Inazuia kolera, na mimi ninanawa. Ninachosoma katika matokeo yale ni kwamba uchafu unaomzunguka mtoto ni mwingi kuliko kile ambacho ndoo moja na kipande cha sabuni vinaweza kuondoa. Kwenye miteremko ya Kadutu mvua ikinyesha, choo cha jirani wa juu kinashuka hadi mlangoni kwa jirani wa chini. Hapo panahitajika mifereji, robine zenye maji kila siku, na sakafu ya saruji. Hiyo ni kazi ya serikali, na mama hawezi kuibeba mgongoni pamoja na mtoto.

Nilimpa yaliyo ndani ya uwezo wake. Aendelee kunyonyesha hadi miaka miwili. Mtoto akiharisha, SRO pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakauka siku ya tatu. Mafuta na sambaza ndani ya sombe. Bidoni iwe na kifuniko. Kisha nikamwuliza mtoto anachezea wapi.

"Chini, pale pale nyumbani."

"Na kuku?"

Akacheka. Kuku wanne, wanalala ndani kwa sababu ya wezi. Asubuhi kabla hajafagia, mtoto ameshaamka na ameshaokota. Nikamwambia kinyesi cha kuku ndicho kinachonitisha kuliko maji yake. Akanyamaza, akaniuliza sasa kuku walale wapi, nyumba ina vyumba viwili. Sikuwa na jibu. Wiki mbili baadaye alirudi kwenye mizani, akanieleza kwamba shemeji yake amepigilia banda la mbao juu ya mlango wa jikoni, kwa ndani, na chini ametandika mkeka ambao kuku hawaukanyagi. Mtoto alikuwa ameongeza gramu 150. Nikaziandika kwenye kadi, nikampa tarehe nyingine.